Sauti ya Dada Kwenye Kaseti ya Pamba

Fungu la kununulia vitabu lilikatwa, na maktaba ya chuo pale Kilosa ikabaki na nakala moja tu ya kitabu cha kilimo cha pamba, tena cha Kiingereza. Wanachuo wengi walikuwa watu wazima, waliotumwa na vijiji vyao vya ujamaa. Kiingereza hawakukijua. Mtunza maktaba akaamua kitabu kitafsiriwe, kisomwe kwa Kiswahili kwenye redio kaseti, wote wasikilize pamoja. Aliyesoma ni dada yangu, msaidizi wake.

Siku ya kurekodi nilikuwepo. Nilikuwa kidato cha pili, na nikitoka shule nilimngojea dada hapo turudi wote kwenye chumba tulichopanga. Niliingia bila kujua kinachoendelea. Dada, akiwa katikati ya habari za mistari ya kupandia, akasema kwa sauti ileile, "Mdogo wangu, funga mlango, vumbi," akaendelea kusoma. Hawakurudia. Betri zilikuwa za kuhesabu.

Masika yale dada alikwenda Kidete kuwaona wazazi, akashikwa na homa. Tukamzika hukohuko.

Kaseti iliendelea na kazi. Kila somo sauti yake iliuliza, "Hamjambo, ndugu wanachuo?" ikanyamaza kidogo, na chumba kizima kikajibu, "Hatujambo." Mimi bado nilikwenda, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niache. Nilikaa nyuma, karibu na mlango. Akifika pale pa kuniambia nifunge mlango, nilinyanyuka nikaufunga. Ukiwa umefungwa tayari, niliufungua kwanza.

"Binti, huo mlango utachoka," alisema mkulima mmoja wa Kilangali. Nilikuwa simjibu mtu.

Betri zilipopungua nguvu mtunza maktaba alizianika dirishani. Jua likiwa hafifu, sauti ya dada ilivutika, ikawa nzito kama ya mwanamume.

"Leo mwalimu kashiba ugali," alisema yule wa Kilangali, wakacheka. Nami nilicheka. Nilipofika chumbani sikuweza kula. Niliona kama dada anazidi kwenda mbali, na huko aliko wanamfundisha kusema polepole.

Siku moja mtunza maktaba aliniita mezani kwake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa." Alikuwa ameishika ile kaseti. "Tumeagizwa tufundishe kuhifadhi mahindi. Nimeomba kaseti nyingine, hakuna."

"Upande wa pili?"

"Wa pili nimesoma mimi, mambo ya mbolea, na bado yanatakiwa. Pamba wameshaishika kichwani. Itabidi tuifute."

Nilitaka kumwambia kwamba sina picha ya dada hata moja, kwamba nimebaki na hiyo sauti tu. Niliitazama meza.

"Nikimpa mtu mwingine asome, kila nikiiweka nitamsikia huyo mtu mwingine," akasema. "Wewe na dada yako sauti zenu zimefanana. Heri iwe wewe."

Nikasoma. Mimi ambaye darasani nikiulizwa swali natokwa jasho. Nilianza kama alivyoanza yeye, nikanyamaza kidogo ili wapate kujibu. Kila neno nililosema nilijua linakaa mahali pa neno lake.

Somo la kwanza la mahindi nilikaa palepale nyuma. "Hamjambo, ndugu wanachuo?" Walijibu, ila taratibu, na wengine waligeuka kunitazama. Ilipofika sehemu ya kuambiwa nifunge mlango, sauti yangu ilikuwa inaeleza namna ya kuwazuia panya wasipande kwenye kihenge. Mlango ulikuwa wazi, vumbi linaingia. Nikabaki nimekaa.

Somo la mahindi lilikuwa fupi kuliko la pamba. Hilo hatukulifikiria. Sauti yangu ilipokwisha, kaseti ilikwaruza, kisha dada akatokea, katikati ya sentensi: "...mashina yote yang'olewe yachomwe, pasibaki kitu shambani. Ahsanteni kwa kunisikiliza."

Kidole cha mtunza maktaba kilikuwa juu ya kitufe. Hakukibonyeza. Kaseti ikazunguka kimya mpaka ikafika mwisho, ikajizima yenyewe.

Yule wa Kilangali alinigeukia. "Binti, leo mlango haufungwi?"

"Sijaambiwa," nikamjibu.

Alinitazama kidogo, kisha akanyanyuka, akaenda kuufunga yeye.