Viatu Visivyo na Kamba

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa Form Two. Naibu wa mwalimu mkuu alinipa kipande cha nondo, akanionyesha rimu ya trekta iliyoning'inia kwenye mti nyuma ya maabara.

"Nimekuchagua kwa sababu huna maneno," akasema. "Mpiga kengele mwenye marafiki wengi huchelewa."

Wewe utakayenifuata, kazi ni hii: gonga ukingo wa rimu, maana katikati hulia kama sufuria. Kisha tazama. Pale mtini niliwajua watu kwa mwendo kabla ya majina. Sisi waoga wa watu tulizunguka kando ya ua, ndiyo maana tulitembea mwendo mrefu kuliko wote na hakuna aliyetuona. Wenye maneno walikata uwanja mbio. Wa kwanza wao alikuwa Chebet, aliyetoka kule Moiben, tuliyekuwa naye darasa moja. Akinipita lazima aniguse: "Mama Kengele, leo umesalimia nani? Hiyo nondo?"

Form Three, Chebet akaanza kutembea. Mara yuko katikati ya wengine, mara yuko wa mwisho, ameinama pale golini kama anayefunga kamba za viatu. Viatu vyetu havina kamba.

Asubuhi moja madam wa zamu alimwita mbele ya paredi. Alisema amechoka na madharau yake ya kuchelewa kila siku, aende nyumbani akalete mzazi. Chebet alijaribu kucheka. Mimi niliwaza ule mwendo mrefu wa kutoka stegi ya matatu hadi kwao, nikasogea mbele na nondo yangu mkononi.

"Madam, si madharau." Paredi nzima iligeuka. "Huyu hukimbia hata akiwa hana haraka. Siku hizi anapumzika golini. Ni mgonjwa."

Madam alimtazama, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Hapo ndipo Chebet alilia.

Hospitalini kule Plateau waliona mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri. Anameza dawa. Mbio amekatazwa.

Wiki hii nimestaafu, kwa sababu watahiniwa wa Form Four hawapigi kengele. Nilidhani nitarudia njia yangu ya ua, lakini Chebet hawezi ule mzunguko mrefu, na kutembea peke yake hapendi. Basi tunapita katikati ya uwanja, mbele ya macho yote, naye anasalimia watu kwa niaba yetu wawili. Tukifika golini pumzi inamwishia.

Hapo nainama mimi, nafunga kamba ambazo sina.