Kengele ya Jumamosi

Jumamosi iliyopita, kwenye treni ya chini ya ardhi kutoka Hallunda, nilikaa mbele ya mama wa makamo aliyepakata hotipoti iliyofungwa kwa kanga. Harufu ya pilau ilijaa behewa zima. Hata Wasweden waliinua macho kutoka kwenye simu zao.

"Shikamoo mama. Unaipeleka wapi neema hiyo?"

"Marahaba, mwanangu. Siipeleki, nairudisha. Nilikwenda kumwona binti wa marehemu rafiki yangu. Amejifungua."

"Hukumkuta?"

"Yumo ndani. Nimeisikia televisheni. Nilipobonyeza kengele, ikazimwa."

Akakaza fundo la kanga ambalo halikuwa limelegea.

"Labda alidhani ni watu wa kuuza vitu," nikamtetea.

"Labda. Au ningeandika ujumbe kwanza. Huku hata salamu hupangiwa tarehe."

Alishuka kituo cha Vårby gård na pilau yake, nami nikabaki namlaumu yule binti kimoyomoyo. Ugenini ndio tusahau hata utu?

Ndipo nikaikumbuka kengele ya nyumbani kwangu, mwezi uliopita. Nilikuwa nimechoka na sikuwa na miadi na mtu. Nikachukua rimoti, nikazima sauti, nikaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha watoto. Wakatii mara moja, maana hilo nimewafundisha vizuri kuliko Kiswahili.

Kengele ililia mara mbili, kisha nikasikia lifti ikishuka. Mpaka leo sijui alikuwa nani, wala alikuwa amebeba nini.