Harusi Iliyozaa Chama

Usiku ule nililala nimemkasirikia mama, na nadhani ndiyo sababu bibi alikuja. Enzi za uhai wake hakuvumilia mtu alale na kinyongo nyumbani kwake. Angekuamsha, akutume ukaombe radhi, kisha akwambie urudi ulale kama watu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Kesho yake mtaa wetu hapa Tanga ulikuwa ukutane kukumbuka siku kilipozaliwa chama, kile cha wakata mkonge na makuli wa bandarini kilichoapa kumng'oa Mwingereza. Kilizaliwa sebuleni kwa kaka yake bibi, na wazee wakataka mama akae kiti cha mbele kwa heshima ya wazazi wake. Mama akakataa katakata. "Siendi kukaa mbele za watu wanicheke," alisema, akageukia ukutani.

Nilijua kinachomuuma. Siku zile mikutano ilipigwa marufuku, lakini harusi haikuombewa kibali. Basi kaka yake bibi akatangaza kwamba anamwoza dada yake. Akamchukua kuli mmoja kijana, msemaji hodari, akamvika kanzu na joho la kuazima, akawa bwana harusi wa uongo. Waalikwa wote walikuwa wanachama. Mambo yalikwenda vizuri mpaka askari alipojiketisha barazani, akasema haondoki bila kushuhudia nikahi. Ikabidi shehe aitwe kweli. Bibi, inasemekana, hakutamka neno, kama ilivyo ada ya mwari, na kimya chake kikahesabiwa kuwa amekubali. Nikahi ikafungwa, na haikufunguka tena. Yule kuli ndiye babu yangu.

Kila Idi kisa hiki husimuliwa kwetu, watu wakashika mbavu, isipokuwa mama. Utotoni wenzake walimwita mtoto wa mkutano. Akakua akiamini kwamba wazazi wake walinaswa tu pamoja, na kwamba yeye mwenyewe ni zao la ajali. Bibi alifariki kabla mama hajathubutu kumuuliza.

Sasa niko jikoni, ndotoni, napepeta mchele, na sauti inaniambia, "Sogea, umenikalia kanga."

Bibi ameketi kando yangu mkekani, ananukia udi, ana meno yake yote. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

"Bibi, wewe si umekufa?"

"Ndiyo maana nimepata nafasi," alisema. "Zamani nilikuwa na kazi nyingi."

Akanishika mkono. Nilipotazama, mkono ulionishika ulikuwa wa msichana, wenye hina mbichi, na jiko halikuwa jiko tena. Tumo chumbani, yeye juu ya kitanda, kafunikwa ukaya usoni, mimi chini miguuni pake pamoja na wanawake waliojaa tele. Pazia moja tu linatutenga na wanaume walioko sebuleni. Karibu na pazia kaketi somo wa bibi, yule mwanamke mtu mzima aliyemfunda, katega sikio.

Upande wa pili babu anazungumza. Sijapata kuisikia sauti yake ya ujana, lakini niliijua. Anasema juu ya mikono iliyochanwa na mkonge, sauti inapanda, anatamka "uhuru", na papo hapo somo anainua mkono. Chumba kizima kinapasuka kwa vigelegele! Nikaelewa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao, kila neno la hatari likitamkwa, walizamishe ili mtu aliyeko barabarani asilisikie. Nami nilipiga vigelegele hadi koo likakauka. Chama kile kilizaliwa ndani ya vifijo vya wanawake, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Kisha vigelegele vikakatika. Kaka yake bibi aliingia, uso umempauka.

"Dada, nisamehe. Askari yuko barazani na shehe anakuja. Wewe nyamaza tu, mengine tutayatengua baadaye."

Akatoka. Shehe akaja na mashahidi wawili, akasimama mlangoni, macho chini. Alikuwa mzee mfupi mwenye kikohozi. Aliongea polepole, kwa sauti ya chumbani tu.

"Mwanangu, nimeambiwa haya ni maigizo. Mimi sina nikahi ya maigizo. Mwari akinyamaza huwa tunahesabu amekubali, lakini leo kimya chako sikipokei. Ukikubali, tamka nikusikie. Usipotamka, nitamwambia askari bibi harusi kashikwa na homa, na lawama nitazibeba mimi."

Wanawake wote walimtazama bibi. Nami nilimtazama, kwa maana ghafla niliona kwamba mlango ulikuwa wazi. Angeweza kutoka. Hakuna aliyemnasa.

Bibi akasogeza ukaya kidogo, akachungulia penye pindo la pazia. Nikachungulia naye. Babu yuko pale, jasho linamtiririka, joho limemmeza mpaka vidole, hajui kinachosemwa chumbani. Bibi alimtazama kwa muda, kama mtu anayetazama chungu anachokijua kimeshaiva.

"Nimekubali," akasema.

Alisema kwa sauti kubwa, si ya mwari hata kidogo, ila sebuleni ilimezwa na zogo la wanaume. Somo akamfinya paja kwa aibu. Mmoja wa mashahidi akakohoa, na shehe, Mungu amrehemu, akatabasamu akiwa bado anatazama sakafu.

Sijui nikahi ilisomwa saa ngapi, maana mara askari hayupo na babu kasimama katikati ya sebule. Sasa ndipo atangaze kuzaliwa kwa chama. Watu wanamngoja. Anafungua kinywa, anasema, "Ndugu zangu," halafu anageuka kulitazama pazia, na maneno yote yanamkimbia. "Ndugu zangu," anasema tena. Ikabidi shemeji yake amalizie hotuba.

Kitandani bibi anacheka hadi ukaya unatikisika.

"Ulikuwa unampenda?" nikamuuliza.

"Alikuwa akija kwa kaka kunywa kahawa na kupanga mambo yao. Mimi nakaa nyuma ya pazia hili namsikiliza. Kaka akidhani nasubiri kuondoa vikombe."

"Sasa kwa nini hukuwaambia watu?"

"Walikuwa wanacheka vizuri sana. Na kaka alijiona mjanja mno, nikamwonea huruma." Kicheko kikamwisha. Uso ule wa msichana ukawa uso nilioujua mimi, wenye makunyanzi yake yote. "Sikujua kama mwanangu ameumia. Mwambie nilitamka. Mwambie nilimtaka baba yake kabla hawajaniomba kujifanya."

Nilitaka kumkumbatia, nikakumbatia mto.

Adhana ya alfajiri ilikuwa inalia. Najua mtu anaweza kusema nimeota nilichotaka kuota, na wote waliokuwamo chumbani mle wameshatangulia. Lakini ujumbe niliopewa haukuwa wangu kuuhukumu. Nikaenda chumbani kwa mama, nikamkuta juu ya mswala, amemaliza kusali. Nikamwomba radhi kwanza, kisha nikamwambia yote, tangu kanga niliyoikalia mpaka paja lililofinywa.

Alinisikiliza bila kunitazama. Nilipofika mwisho, aliuliza, "Alitamka?"

"Alitamka, mama. Kwa sauti."

"Na baba akasahau hotuba?"

"Yote. Akabaki na 'ndugu zangu'."

Mama akaziba uso kwa viganja, mabega yakamtetema, na sikujua kama analia au anacheka mpaka alipoiondoa mikono, nikaona ni vyote viwili. Akajifuta kwa upindo wa kanga, akainuka, akaanza kuukunja mswala.

"Kawaambie wazee nakuja," alisema. "Na kiti peke yake hakitoshi. Waniwekee na kipaza sauti."