Anteni Ndani ya Mparachichi

BUTEMBO, 2003 – Saa kumi na moja jioni, Jéthro Sikuli yupo juu ya mparachichi, mguu mmoja kwenye tawi, mwingine unaning'inia. Ameshika bomba la chuma lililofungwa kwenye shina kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Kwenye ncha ya bomba kuna anteni iliyopakwa rangi ya kijani, ile ya milango. Ukiwa barabarani huioni. Ndivyo anavyotaka.

Chini, ndani ya nyumba, mwanamke anaimba wimbo wa kanisani.

Sikuli anageuza bomba kidogo kuelekea kilima cha pili. Wimbo unapanda. Anageuza tena. Wimbo unashuka, unakatika. Anarudisha bomba lilipokuwa, na sauti inarudi.

"Zamani mutu wa ndani alikuwa anapiga makelele: 'Inakuja! Imeenda! Rudisha!'" anaeleza baadaye. "Quartier nzima, mutaa yote, ilikuwa inajua kama mama fulani anatengeneza televisheni. Leo ukipiga makelele vile, unaita mwizi wa bunduki. Donc, tunaimba."

Sheria ni nyepesi. Picha ikiwa nzuri, sauti juu. Ikiharibika, sauti chini. Ikipotea, kimya, na kimya maana yake ni geuza.

"Bakatoliki ndio bananisumbuaka," anasema, naye ni Mkatoliki. "Banataka kusali rozari. Rozari inaendaka sauti moja tu, mwanzo mpaka mwisho. Mutu wa juu atajua nini?"

Sikuli ana miaka arobaini na mmoja. Ufundi alijifundisha mwenyewe, kwa kufungua redio mbovu na kuzifunga tena mpaka zikaongea. Alikuwa na karakana yake Beni, upande wa Ruwenzori, na juu ya bati alisimamisha mlingoti mrefu wa anteni. Ndio uliokuwa tangazo lake.

Jioni moja watu wenye bunduki walibisha hodi. Hawakuuliza ana nini. Walisema tu, "Toa televisheni." Walichukua yake, wakachukua na za wateja, wakamalizia na godoro.

"Anteni ndiyo iliwaonyesha njia," anasema polepole. "Walikuwa bananiangalia toka mbali."

Alipohamia Butembo na mkewe Sophie, alikuta watu wameshateremsha anteni zao na kuzificha darini. Lakini bati ni ukuta. Kwenye vioo vya televisheni walikuwa wanaona punje tupu zinazorukaruka kama mtama kwenye ungo. Sikuli akaanza kutafuta maficho mengine: kwenye miti, kwenye ua wa choo, kati ya nguo zilizoanikwa. Kabla ya vita alipanda mapaa manane kwa wiki. Sasa akipata miti miwili, wiki imekuwa njema, na malipo mara nyingi ni maharagwe.

Kazi ya leo haiwezi kungoja kesho.

Mwenye nyumba, Mama Joyeuse, ni mke wa Apollinaire, mfanyabiashara wa viazi. Wiki saba zilizopita Apollinaire aliondoka na lori kuelekea kusini, mapigano yakafunga barabara, na tangu hapo hakuna habari. Jana redio ilisema wafanyabiashara waliokwama Alimbongo wamepigwa picha, na kwamba stesheni ya mji itawaonyesha leo saa kumi na mbili jioni, mara moja tu. Msomaji akataja na jina la Apollinaire.

"Ba-Apollinaire ku ile barabara ni wengi," Joyeuse alimwambia fundi alipofika. "Jina si sura. Mimi nataka kumuona na macho yangu."

Ndiyo maana televisheni ndogo imetolewa mvunguni na kuunganishwa na betri ya gari, kwa sababu jenereta nayo ingepiga kelele. Waya wa anteni umezungushwa kwenye kamba ya nguo, kutoka mtini hadi dirishani.

Ghafla wimbo unakatika.

Sikuli anageuza bomba. Kimya. Anageuza zaidi. Kimya bado. Anajivuta juu alisukume kwa nguvu. Tawi linatikisika, parachichi moja linaanguka, linabingirika na kusimama mbele ya buti.

Askari wawili wako uani. Mmoja amebaki langoni. Mwingine anatazama juu.

"Weye wa juu! Unafanya nini?"

"Natungua avoka, chef."

"Kitunga ya kuziweka iko wapi?"

"Nilikuwa naangalia kwanza kama zimekomaa."

"Ao uko na phonie huko?"

Phonie ni redio ya mawasiliano ya kijeshi. Raia akikutwa nayo anaitwa mpelelezi, na wapelelezi wachache hurudi kusimulia. Bomba limegusa tumbo la Sikuli. Analikumbatia.

Joyeuse anatoka, anafuta mikono kwenye kitenge kana kwamba ametoka jikoni. Televisheni ameshaitupia blanketi.

"Phonie gani, papa? Huyu hata muti unamushinda kupanda! Sikuli, angushia chef avoka. Unangoja bakupigie magoti?"

Sikuli anachuma kwa mkono mmoja na kuangusha. Askari anaokota, anajaza kofia. Kisha anaiona kamba.

"Hii kamba ya nguo mbona inapanda ku muti?"

"Uwanja ni mudogo, papa. Nguo za batoto zitakauka wapi?"

Askari anaishika, anaivuta. Mashati mawili ya watoto yanacheza. Juu, bomba linajisokota mikononi mwa Sikuli, naye analibana kwa tumbo na paja. Majani yanatulia.

"Hizi zitaiva siku ngapi?"

"Tatu, ine hivi," anajibu Joyeuse.

"Nitarudi."

Wanaondoka. Kama atarudia maparachichi au atarudia kamba, hakuna anayejua.

Saa kumi na mbili inakaribia na anteni imeshakosa mwelekeo. Joyeuse anaingia ndani. Sikuli anarudisha bomba kwa kukisia, kidogo, kidogo tena. Wimbo unaanza, sauti chini. Unapanda. Unafika kwenye kiitikio, sauti imejaa.

Halafu kimya.

Sheria inasema geuza. Vidole vyake vinakaza chuma. Lakini kimya cha kwanza hakikuwa cha picha, kilikuwa cha buti. Na hiki je? Picha ikiwa imepotea naye akakaa tu, Joyeuse atakosa sura ya mumewe. Ikiwa ipo naye akageuza, ataifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Anaangalia langoni. Hakuna mtu. Siafu mmoja anamng'ata shingoni. Hajikuni. Hageuzi.

Mlango unafunguliwa. Joyeuse anasimama chini ya mti, mkono mdomoni.

"Shuka, Sikuli. Nimemuona."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nilinyamaza?" Anashangaa kweli. "Hata sikujua. Amekonda, ndevu mingi kama padri wa zamani. Mais ni yeye! Amevaa ile shati nilimupigia pasi siku ya kuondoka."

Anacheka na kulia kwa pamoja, kitenge kikiwa kinywani ili mtaa usisikie.

Sikuli hamwachi ashangilie sana. Anafungua mipira ya baiskeli, anateremsha anteni, anakunja waya. Televisheni itahamia kwa dada wa Joyeuse kabla giza halijaingia. "Ile kamba ameishaishika," anasema. "Mutu akishika kamba, ataifuata."

Kwake Sikuli, nyuma ya nyumba, kuna bomba lingine, refu kuliko nyumba yenyewe. Limelazwa chini, na maharagwe ya Sophie yameanza kulitambalia. Alilinunua kwa shida, na jirani alimuuliza kwa nini anaacha mali ikanyagwe.

Anasema halitapakwa kijani. Vita ikiisha atalisimamisha juu ya bati, katikati kabisa, mahali kila kilima kitaliona.

"Mimi nitakuwa juu, Sophie atakuwa ndani," anasema, na kwa mara ya kwanza jioni hii anapaza sauti. "Na hataimba. Apige makelele! 'Inakuja! Imeenda! Rudisha!' Quartier nzima isikie."