Majina ya Chini ya Picha

Kila nikifungua fulana mpya, harufu ile ya rangi ya kuchapia hunirudisha China.

Mama alinipeleka Guangzhou, huko China, wakati wa likizo kwa sababu nilijua Kiingereza. Alikuwa anachapisha fulana za kundi la wasichana wa Uingereza, wale wa viatu vya soli nene, waliokuwa wakitafutwa Kariakoo nzima. Laoban, bosi wa mashine, akataka majina ya kuweka chini ya sura zao. Nikayanakili kutoka kwenye karatasi ya ndani ya kaseti yao, tena kwa maringo.

Mashine ikiwa inaunguruma, nikaisoma tena karatasi ya kaseti. Juu ya majina niliyonakili palikuwa na maandishi madogo kama sisimizi, yakisema hao ni watunzi wa nyimbo. Waimbaji wenyewe walitajwa upande wa nyuma. Rundo la fulana lilishanifika magotini.

Mama akainua moja, bado ya moto. “Mwanangu, ndio wenyewe hawa?”

“Ndio wenyewe, mama.”

Fulana zilinunuliwa zote Kariakoo. Mpaka leo mama huwasimulia wageni jinsi binti yake alivyowajua wasichana wale kwa majina, nami hunyanyuka haraka kwenda kuangalia chai.