Dozi Moja Kambini

Nakushukuruni, mama zangu na dada zangu, kwa kunipa nafasi hii. Sauti yangu bado haijarudi sawasawa, basi nivumilieni.

Mie ni nesi, nyumbani kwetu Wadi Kabir hapa hapa Maskati. Maradhi nikiyaona kwa wengine tu. Nilipochukua likizo kwenda Bangladesh kusaidia kwenye kambi za Warohingya, mama aliniuliza, "Zuwena, umechanja?" Nikamjibu, "Mama, mie nesi." Sindano ya kukumbushia chanjo ya dondakoo sikuichoma.

Kule ni vilima vitupu, vibanda vya mianzi na maturubali vimebanana. Watu wale vijiji vyao vilichomwa moto Burma. Kurudi hawawezi, kutoka kambini hawaruhusiwi. Misaada ilikuwa imepunguzwa, kliniki yetu inaondoa vitanda na wagonjwa wanazidi. Mkalimani wangu alikuwa Rahima, mkimbizi, mwenye binti mmoja, Yasmin, wa miaka sita. Tukisemezana kwa Kiarabu chake cha madrasa.

Wiki ya tatu koo likaniuma. Kesho yake shingo imevimba, pumzi inanuka, hata mate hayamezeki. Nikajitazama kwenye simu: utando wa kijivu umetanda kooni. Nikajua ni dondakoo.

Daktari akasema, "Dawa ya kuvunja sumu imebaki dozi moja. Nyengine tumeagiza." Akanitundikia hiyo moja.

Siku ya pili yake Rahima akaja mbio na Yasmin mgongoni. Maradhi yale yale. Kitanda chake kilikuwa ubavuni mwangu. Kila akivuta pumzi ilikuwa kama mtu anayekwaruza bati.

"Mpe dawa!" Rahima kamshika daktari miguu.

"Imekwisha, mama. Haikubaki hata tone."

Wakaomba kibali cha kumtoa kambini, apelekwe hospitali ya mjini. Tukangoja. Yasmin alifariki alasiri, kabla ya kibali, kabla ya dawa. Mie nilifumba macho nikajifanya nimelala. Mungu anisamehe.

Walipokwisha kumzika, Rahima alirudi. Nikadhani kaja kunilaani. Akakaa, akanifuta mate yaliyokuwa yakinichirizika shingoni.

Nikamwambia kwa sauti iliyokauka, "Dozi ile nimepewa mie."

"Najua," akasema. "Usinambie pole. Wewe una pasipoti. Nenda ukaseme."

Nikarejeshwa Maskati. Nilidhani nimepona, kumbe bado. Nikinywa maji yanatokea puani. Miguu ikalegea, moyo ukawa unaruka mapigo. Daktari wa hapa akanambia, "Sumu imegusa mishipa na moyo. Usinyanyuke, hata kwenda msalani." Miezi miwili nililala chali, mama akinilisha uji kwa kijiko cha chai. "Meza, mwanangu, kidogo tu." Kuna siku nilifunga mdomo makusudi. Nilikuwa namsikia Yasmin. Mama akalia mbele yangu, ndipo nikameza.

Leo natembea, nala, Alhamdulillahi. Namshukuru mama, na madaktari, na Rahima.

Nasaha yangu: chanjeni, nyinyi na wana wenu, hata kama mnajiona wajuzi. Na mliokuwa mkiwachangia watu wale zamani, habari zao zilipokuwa kila siku kwenye televisheni, msiache sasa.

Juzi Rahima kanitumia ujumbe wa sauti. Kliniki yetu imefungwa. Amesema kwenye kibanda cha jirani yake kuna mtoto koo limevimba, na hajui ampeleke wapi. Nampigia tangu jana, simu yake haipatikani.