Mzee wa Siku Nne

Nilijifungua mtoto, lakini wenye boma walipokea mzee. Kwetu Ukambani, kifungua mimba akiwa mvulana hupewa jina la babake mume. Sina neno na hilo. Shida ni kwamba jina lilikuja na heshima zake zote. Mama mkwe alimwita "mume wangu" tangu siku ya kwanza. Majirani waliingia wakavua kofia, wakamwuliza kama amelala salama. Mimi hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa mlango tu ambao mzee alipitia akirudi.

Kulia nilianza mimba ikiwa na miezi sita. Nililia nikichota maji, nikalia nikichagua ndengu. Kina mama wa kanisa wakaja kukemea pepo wa kutoshukuru, wakamkemea mpaka mbuzi wakatawanyika. Pepo hakutoka. Kilichoisha ni chai.

"Nimezaa saba," mama mkwe akaniambia, "na sikupata hata nafasi ya huzuni."

Basi nikawa nalilia jikoni kwenye moshi, mahali machozi hayaulizwi maswali.

Siku ya nne mtoto alilala tu. Nikimpa titi, analiachia.

"Mwaitu, mama yangu," nikamwambia mama mkwe, "mtoto hanyonyi."

"Ameshiba. Mume wangu hakuwa mlafi."

"Na halii."

"Wewe hukumkuta. Mzee angekaa wiki nzima bila kusema neno. Ni yeye kabisa!"

Akampigia mwanawe, mume wangu, ambaye husafirisha mbuzi kwa lori kutoka Mwingi. "Babako amerudi vile vile!" Mume akacheka kwa raha. Nikamnyang'anya mamake simu, nikasema macho ya mtoto yamekuwa manjano.

"Si hata ya baba yalikuwa manjano?"

"Babako alikunywa pombe miaka arobaini. Huyu amekunywa nini?"

Simu ikakatika, ama ikakatwa.

"Pepo wako huyo amerudi," mama mkwe akasema. Hiyo ndiyo faida ya kulia ukiwa na mimba: siku ukisema jambo la maana, watu wanasikia machozi tu.

Nikamfunga mtoto kifuani kwa leso, nikaita bodaboda. Mama mkwe akasimama njiani.

"Unampeleka wapi mume wangu?"

"Zahanati. Kama ni mumeo, msindikize."

Akapanda nyuma yangu, amenuna.

Nesi alimvua mzee nguo zote bila hata kumwomba ruhusa. Akambonyeza ngozi ya kifua, akamwangalia macho na ulimi. Amekauka, akasema, na manjano imezidi. Aende hospitali Mwingi sasa hivi. Tukingoja gari, alinionyesha kukamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe, tone kwa tone. Halafu akanitazama mimi, macho yangu yamevimba kwa kulia.

"Na wewe, mama, unalala? Hii huzuni ilianza lini?"

"Huyu hana shida," mama mkwe akajibu.

"Susu," nesi akamwita kwa heshima ya bibi, "nimemwuliza yeye."

"Tangu miezi sita ya mimba," nikasema. Akaandika. Mtu aliandika, wala hakukemea.

Mwingi walimlaza chini ya taa ya bluu ya kutoa manjano. Siku yetu ya tatu huko alipiga mayowe, akarusha miguu, wodi nzima ikageuka kutazama. Mama mkwe akakunja uso.

"Mzee hakuwa na kelele hivi."

"Mzee alishakufa, mwaitu. Nipe mtoto anyonye."